Funga ya Kabla ya Vipimo

Mei 14

Nimenunua daftari hili kwa sababu Phakama amekufa na sina tena mtu wa kusengenya naye. Miaka yote hii tumekaa kibanda kimoja hapa Nyanga, pembeni mwa jiji, kitanda chake kule, changu huku, na hakuna mtu aliyepita barabarani tukamwacha salama. Sasa nikirudi kazini naongea na mabati. Afadhali niongee na karatasi.

Tulimzika Jumamosi, kwao, mashariki, safari ya siku nzima kwa basi. Walimvika suti ya marehemu baba yake. Walimtaja kwa lile jina la kiume alilopewa alipozaliwa, jina ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau, nikabaki najiuliza anayezikwa ni nani. Sisi dada zake wa mjini, ambao nasi tulizaliwa tukaitwa wavulana, tuliambiwa tusimame upande wa wanaume au tuondoke. Tukasimama kwa wanaume, na vitambaa vyetu kichwani. Mama Nobesuthu, anayetulea sote huku mjini, alilia mpaka mchungaji akanyamaza kumsubiri.

Mei 15

Mvua. Sikufungua biashara.

Mei 20

Nimefunga turubai, nikawasha moto. Kazi yangu ni vichwa vya kondoo: napasha vyuma mpaka viwe vyekundu, naunguza manyoya, nakwaruza, napasua kwa shoka, nachemsha. Wapita njia husema yule dada wa vichwa ananuka moshi, nami nafurahi, maana wamesema dada.

Mchana mvua ilizidi, barabara ikawa tupu. Nikamsikia Phakama nyuma yangu: "Zuki, leo nimekunywa?"

Hivyo hivyo, kama alivyokuwa akiuliza wiki zake za mwisho, alipoanza kusahau kama ameshameza vidonge vyake vya homoni au bado. Nikajibu bila kugeuka, "Umekunywa, mwenzangu." Halafu ndipo nywele zikanisimama. Nilipogeuka palikuwa na ndoo ya manyoya yaliyoungua, basi. Nilifunga biashara mapema nikaenda kukaa kwa Mama mpaka moyo ukatulia.

Mei 29

Leo tumeosha majembe. Kwa kawaida shughuli hiyo hufanyika nyumbani kwa marehemu, siku chache baada ya maziko. Pombe ya mtama inapikwa, waliochimba kaburi wanashukuriwa, msiba unafungwa. Lakini kule hakuna aliyetualika, kwa hiyo Mama Nobesuthu akasema tutaosha ya kwetu uani kwake. Aliazima koleo mbili kwa jirani, koleo ambazo hata kaburi la Phakama hazijaliona, tukaziosha kwa pombe huku tunaimba. Tulikuwa kama kumi hivi, wote watoto wake.

Nimweleze Mama, nisije nikasoma haya uzeeni nikadhani namwandika mtu mwingine. Ana miaka sitini na ushei. Mtaani, wakubwa kwa wadogo wanamwita kwa jina la ukoo, MaRadebe, kwa heshima, na ukimkosea hilo jina hupati kiti. Alianza kuishi kama mwanamke wakati ambapo hapakuwa na kliniki wala daktari wa kumsikiliza. Alikuwa akimeza vidonge vya uzazi wa mpango vya dada yake, akajipangia dozi mwenyewe, akawapangia na wenzake. Kila mmoja wetu alipita mkononi mwake kabla ya kufika hospitali. Mimi alinitoa kituo cha basi nikiwa na begi moja na jicho limevimba.

Pombe ilipomwingia alisema, "Mtoto wangu ameuawa na madaktari. Mguu ulivimba, kifua kikabana, wakamwambia damu imeganda. Damu ya Phakama igande! Damu iliyokuwa inachemka vile!"

Lutho, mdogo wetu kuliko wote, akauliza, "Kwa hiyo, Mama, sasa wanasemaje kliniki? Watatupunguzia dozi sote?"

"Wajaribu," Mama alisema. "Mwezi ujao mnapimwa damu. Mtafunga. Na safari hii mtafunga vizuri."

Juni 2

Nimwandike na Daktari Fortuin, ili haki itendeke. Ndiye daktari pekee anayetuita kwa majina yetu. Kabla yake nilimwona mmoja aliyenivua nguo mbele ya wanafunzi wake na kuwauliza wanaona nini. Mama yeye alikwenda hospitali na jino, ujanani, wakamwitia daktari wa wendawazimu; akatoka na jino lake mpaka leo na hajarudi tena. Kwa hiyo Daktari Fortuin kwetu ni kama mvua jangwani, na tunamdanganya kila siku ya Mungu.

Tunamdanganya kwa kufunga. Nadhani hakuna watu wengine duniani wanaofanya hivi. Yeye hupima damu, akiona homoni ni kidogo, anaongeza vidonge. Sasa sisi, wiki mbili tatu kabla ya vipimo, tunaacha kumeza. Damu inakwenda kwake na njaa. Anatikisa kichwa, anaandika dozi kubwa. Tukitoka pale tunafuturu: vidonge vyake vyote, na juu yake vidonge vya Mama, kama kachumbari. Dozi ya daktari ni ya woga, Mama anasema; dozi ya mwanamke ni ile ambayo mwili unaisikia.

Phakama alikuwa bingwa wa kufunga. Aliongezewa mara tatu.

Juni 3

Jana sikuandika nilichotaka kuandika. Aliongezewa mara tatu, halafu akafa.

Juni 6

Mama amemleta Lutho akae kwangu. Kitanda cha Phakama. Sikuulizwa. Amekuja na mashuka ya waridi na sanduku la rangi za kucha, na kabla hajatua mzigo akasema, "Dada Zuki, humu mnanuka kichwa."

Simpendi.

Juni 9

Anakoroma.

Juni 13

Nafunga. Siku za kwanza si kitu. Kisha jasho linakutoka bila sababu, unalia kwa kuona mbwa kalowa, na kidevu kinaanza kukwaruza. Lutho anajitazama kwenye kioo cha mkononi na kukirudisha kifudifudi. Anafanya kazi kwenye mashine ya malipo katika duka kubwa, anasimama tangu asubuhi. Leo mteja amemwita bwana. Amerudi akakaa kitandani na jaketi lake bichi.

"Hivi nyie mliwezaje?" akaniuliza. "Mimi nikikaa wiki moja tu bila dawa najiona yule wa zamani ananinyemelea. Dada, namwogopa yule kuliko kufa."

Nilimpikia chai yenye maziwa mengi. Simpendi, lakini nilimpikia.

Juni 17

Phakama tena. Mchana kweupe, nimeshika shoka. "Zuki, leo nimekunywa?" Nikasema, "Hujanywa, tunafunga." Yule mama anayeuza matumbo jirani yangu akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia na kondoo.

Juni 24

Vipimo. Tulikaa kwenye benchi sote, kimya, kama watoto wanaosubiri komunio.

Julai 4

Majibu. Daktari Fortuin alikuwa na mafua, leso mkononi, macho kwenye kompyuta. Akaanza na mimi. "Zukiswa, homoni zimeshuka tena. Unameza kila siku?"

"Kila siku, Daktari."

Hapo akaniangalia. Aliniangalia kidevu, akaniangalia kifua, nikaona ana swali. Nilitamani aulize. Naapa, angeuliza mara ya pili ningemwaga yote. Lakini nje kulikuwa na foleni mpaka getini, akapiga chafya, akarudi kwenye kompyuta, akaandika.

Lutho alitoka na dozi mara mbili ya aliyokuwa nayo. Alicheza ngoma pale kwenye maegesho, mvua inanyesha, viatu mkononi. Mama alikuwa anatusubiri ng'ambo ya barabara kwa sababu hakanyagi geti la hospitali. Alimkumbatia, akatoa kwenye sidiria pakiti ya vidonge vya uzazi. "Na hizi za bibi yako."

Mimi nimechukua zangu. Sijameza za Mama. Sijui kwa nini. Nimezificha kwenye kopo la chumvi.

Julai 10

Mafuriko. Maji yameingia mpaka kwenye miguu ya vitanda. Tumeinua vitanda juu ya matofali, mimi na Lutho, tunachota na kumwaga nje, tunachota na kumwaga. Lutho anaimba nyimbo za kanisani kwa maneno machafu aliyoyatunga mwenyewe. Nimecheka mpaka nikakaa kwenye maji. Tangu Phakama nilikuwa sijacheka hivyo, na nilipogundua hilo nikaanza kulia, naye akaendelea kuimba kana kwamba hajaona.

Julai 11

Bado tunachota.

Julai 19

Anapendeza, siwezi kukataa. Uso umelainika. Leo mteja amemwita binti, amenisimulia tangu anaingia mpaka tunalala.

Julai 30

Upepo umeng'oa bati la jirani. Lutho ameingia akichechemea. Anasema ni kusimama.

Agosti 3

Bado anachechemea. Shavu la mguu wa kushoto. Nikasema nione, akasema niache mambo ya kizee. Anavuta sigara mlangoni, mguu ameuegemeza kwenye ndoo.

Agosti 5

Nimeuona mguu. Alikuwa ameoga, taulo likapanda. Umevimba, unang'aa, ule mwingine ni wa kawaida. Nikagusa, wa moto.

Nitaandika sasa jinsi Phakama alivyokufa, jambo nililokuwa sijamwambia mtu kabla ya leo. Ulianza mguu. Alisema ni viatu. Nikamkanda kwa mafuta ya kuchua, jioni baada ya jioni, tukicheka. Baada ya siku kadhaa akaniambia kifua kinambana, nikasema ni moshi wangu. Asubuhi moja alikuwa anavaa sidiria, akasema, "Zuki, ebu..." akakaa chini. Hakumaliza. Alikuwa anavuta hewa na haipatikani, na macho yake yalikuwa yananiuliza mimi. Gari la wagonjwa lilikuta nimemshika.

Nimemwambia Lutho haya yote leo, neno kwa neno.

"Nikienda watanikatia dawa," akasema.

"Watakutibu."

"Watanikatia kwanza. Dada, mimi ndiyo kwanza nimeanza kuonekana. Unataka nirudi kuwa nani? Acha mguu uvimbe."

"Phakama alisema viatu."

"Phakama, Phakama! Unaongea naye huko barabarani, watu wote wanajua. Umebaki na maiti halafu unataka nami niogope!"

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitoka nikasimama kwenye mvua.

Agosti 6

Nimekwenda kwa Mama. Alikuwa anakaanga maandazi. Nikamweleza mguu.

Akaendelea kugeuza maandazi. "Mkande."

"Phakama tulimkanda, Mama."

"Unataka kusema nini, Zukiswa?"

Huwa ananiita Zuki. Akisema Zukiswa mvua imekaribia. Lakini nilisema. Nilisema kwamba tunafunga, daktari anaongeza, nasi tunaongeza juu ya alichoongeza, na hakuna mtu mwenye akili anayejua ndani ya damu zetu mna nini. Nilisema labda si madaktari peke yao waliomuua Phakama.

Aliweka mwiko chini. "Mimi nimemeza hivyo miaka arobaini. Nimekufa?"

"Hapana, Mama."

"Walikuwa wapi hao madaktari wako nilipokuwa nawazika waliokunywa dawa ya panya kwa sababu hawakuwa na hiki kidonge? Hivi vidonge vimewaweka hai! Mkono huu umewaweka hai!" Aliuinua mkono, una unga mpaka kwenye kiwiko, na maandazi nyuma yake yalikuwa yanaungua. "Ukienda kumwambia yule mwanamke wa kliniki kwamba tunafunga, atawafungia watoto wangu wote mlango. Wote. Na hutakuwa na Mama."

Nimempenda mwanamke huyu kuliko aliyenizaa. Leo nilimwona anaogopa, na nikajua kwamba amekuwa akiogopa tangu mazikoni, na kwamba anajua ninachojua. Hilo ndilo limenitisha zaidi.

Agosti 7

Phakama amekuja nikiwa kwenye moto, mapema kabisa, mvua haijaanza. Safari hii hakuuliza. Alikaa tu, nikasikia kiti kinalia. Nikangoja aulize. Nikamwambia, "Uliza basi." Wateja wakanywea, wakapita upande wa pili wa barabara.

Nikazima moto saa hiyohiyo. Sikuchemsha hata kichwa kimoja. Nikavua aproni nikaenda kliniki na moshi wangu.

Agosti 7, jioni

Sikuwa na miadi. Muuguzi akaniambia nirudi Alhamisi. Nikasema sitaki dawa, nataka kuungama, akadhani namtania. Nikakaa chini mlangoni mwa daktari mpaka akaniruka wakati anatoka kwenda chai.

"Zukiswa? Unaumwa?"

"Daktari, tunakudanganya. Tunaacha dawa kabla ya vipimo ili uongeze. Sote. Phakama pia. Na juu yake tunameza vidonge vya uzazi."

Alishika fremu ya mlango. Nilingoja anifokee, nilikuwa tayari. Akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, si chake.

"Kwa muda gani?"

"Tangu tuanze kuja kwako."

"Nilimwongezea mara tatu," akasema. "Kila nikimtazama, mwili ulikuwa unaniambia kitu kingine na karatasi kitu kingine. Nikaamini karatasi." Akajifuta macho kwa kiganja. "Kwa nini hamkuniambia?"

Swali hilo lilinichoma. Nikamwambia, "Daktari, wewe ni mwema. Lakini funguo ziko kwako. Ukiamka vibaya siku moja, ukaamua hapana, sisi tunakwenda wapi? Mtu mwenye funguo zako humwambii ukweli wote. Unamwambia kinachofungua mlango."

Alisogeza kiti karibu. Akasema, "Na umekuja kwa nini leo?"

Nikamwambia mguu wa Lutho. Alisimama kabla sijamaliza. Maswali yakamiminika: umevimba mmoja au yote, ni wa moto, anahema vipi, anavuta sigara? Alimpigia Lutho simu mara kadhaa, haikupokelewa. Akasema mlete leo, si kesho. Nikamwambia haji. Akasema, "Mlete, Zukiswa, kwa njia yoyote."

Njia yoyote. Nikaenda mpaka dukani kwa Lutho. Alikuwa kwenye mashine, mguu mmoja ameukunja kama korongo. Nilimsogelea nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu. "Lutho mama, nimetoka kwa Daktari. Anataka kukuongezea dozi, lakini lazima usaini leo."

Uso ulivyowaka! Aliomba ruhusa, akapaka rangi ya mdomo kwenye kioo cha mlango wa friji. Njia nzima anachechemea na kuzungumza, mimi sijibu. Tulipofika Daktari alikuwa anasubiri nje na kitanda cha magurudumu na watu wawili. Lutho alikiangalia kitanda. Kisha akaniangalia mimi.

Hakupiga kelele. Alisema, "Ahaa," basi.

Agosti 8

Wamempiga picha za ndani. Donge la damu, kubwa, pajani, na vipande vilikuwa vimeshaanza kupanda mapafuni. Daktari anasema wikiendi hii asingeiona. Dawa za homoni zimesimamishwa.

Agosti 12

Kliniki imewaita wote wapimwe upya, bila kufunga, mmoja mmoja. Mpaka majibu yatoke, hakuna kidonge. Kwa hiyo Mama alisema kweli, mlango umefungwa. Daktari anasema ni wa muda. Tumeshasikia mambo ya muda maishani mwetu.

Dada zangu wamepita mbele ya moto wangu leo, watatu. Mmoja akatema mate. Nilimfundisha mimi kusuka nywele.

Agosti 13

Kwa Mama pamefungwa. Nilimwona akisogeza pazia.

Agosti 20

Mvua. Mvua. Nachoma vichwa. Hakuna anayekuja kuniuliza kama amekunywa. Nilidhani nitafurahi.

Agosti 25

Nilikwenda hospitali na supu. Muuguzi akasema mgonjwa amekataa kuniona. Nilichungulia kwenye kioo cha mlango. Pembeni ya kitanda alikuwa amekaa Mama Nobesuthu, ndani ya hospitali, kofia kichwani, mkoba amekumbatia mapajani kama mtu anayetaka kutoka mbio. Muuguzi alipopita na sindano aliinamisha macho mpaka akapita. Lakini mkono mmoja ulikuwa kwenye mguu wa Lutho, juu ya shuka.

Niliacha supu kwa mlinzi.

Septemba 1

Majibu ya wengine yameanza kutoka. Wawili wamerudishiwa dawa, dozi ndogo, wengine wabandike plasta za homoni badala ya vidonge. Kuna aliyeambiwa hapana kabisa, presha. Nasikia analia tangu jana. Mimi nimepewa plasta. Naona haya kuibandika.

Septemba 9

Jua, hatimaye. Maua ya njano yameota hata kwenye mtaro wa maji machafu.

Lutho ametoka hospitali. Sikuambiwa. Nilikuwa nakwaruza kichwa nikaona kivuli kimesimama juu ya moto, nikainua macho. Amekonda. Amevaa sketi ndefu, soksi nene ya hospitali mguuni, kidevu kina vinyweleo na hakukificha.

Akaanza. Aliniita muongo, mchawi, mbwa wa madaktari, mnuka moshi. Akasema nilimtabasamia. Akasema kati ya yote hilo hatalisahau, kwamba nilimtabasamia na kumwita mama. Akasema jana konda alimwita kaka mbele ya basi zima, na aibu ile ni mali yangu nikae nayo. Akasema sura yangu, akasema ukoo wangu, akawataja babu zangu ambao hata mimi siwajui. Yule mama wa matumbo aliacha kisu akasikiliza. Watu wakaanza kusimama. Alisema kwa sentensi ndefu, moja ikizaa nyingine, bila kutua, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na mwisho akashika kiuno, ananisubiri nijitetee.

Nilimsogezea kiti.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Sijamaliza!"

"Basi kaa, mwenzangu," nikasema. "Endelea."

Alikaa, akaendelea.